Shajara ya mradi: funguo na vifuniko vya rimu vya Impala SS ya 1964

Oktoba

Injini imetulia, breki zimekamilika, na rangi nimeamua kuiacha ilivyo. Sasa nageukia kazi ambayo wenye magari ya zamani wengi huiweka mwisho, kisha huisahau kabisa: funguo na vifuniko vya rimu.

Kwa msomaji mgeni, gari ni Chevrolet Impala SS (Super Sport) ya 1964, V8 ya inchi za ujazo 327, yaani lita 5.4, na gia ya Powerglide ya hatua mbili. Namba ya chasisi, ambayo kwa magari haya iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, inaanza na 41447J. Hiyo 4 ni mwaka, 14 ni SS yenye V8, 47 ni bodi ya milango miwili isiyo na nguzo ya katikati, na J ni Janesville, Wisconsin. Kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta wa injini kina herufi 03C: wiki ya tatu ya mwezi wa tatu. Janesville ni mwendo wa saa moja na ushee kutoka gereji yangu hapa Milwaukee. Kiwanda kile kilianza kutoa Chevrolet mwaka 1923, na Tahoe ya mwisho ikatoka tarehe 23 Desemba 2008. Siku hizi ukipita pale unaona uwanja mtupu.

Impala SS si gari adimu. Mwaka ule peke yake zilitengenezwa 185,325. Kilicho adimu ni SS iliyobaki na vitu vyake vidogo, maana hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza. Injini haipotei chini ya kochi.

Hali ilivyo leo. Funguo nilikabidhiwa tatu kwenye kamba ya kiatu. Mmoja unawasha gari lakini haufungui mlango wowote, kwa kuwa silinda ya swichi, yaani kiini kinachoingiza ufunguo, iliwahi kubadilishwa. Wa pili hauingii popote. Wa tatu unafungua mlango wa dereva, ukiubembeleza. Kitasa cha buti kimetobolewa kwa drili na kinazungushwa na bisibisi. Droo ya dashibodi imefungwa, na mwenye gari wa kabla yangu naye alilinunua ikiwa imefungwa.

Upande wa miguu, gari lilikuja limevaa rimu za waya za kromu. Ndani ya buti kulikuwa na boksi la ndizi lenye vifuniko vitatu vya SS na kimoja cha Impala ya kawaida. Hadithi hii inajulikana. Vijana wa lowrider, wale wanaoshusha magari karibu na ardhi, waliifanya Impala ya 64 kuwa mfalme wa barabara, na mfalme alivishwa rimu za waya. Vifuniko vya kiwandani vikaenda darini, kwa shemeji, au kwenye pipa.

Ninachotaka ni kile kilichotoka Janesville: ufunguo mmoja wa kuwasha gari na kufungua milango yote miwili, mwingine wa buti na droo, na vifuniko vinne vya SS vyenye spina zake, yaani yale mabawa yanayochomoza katikati ya kifuniko.

Novemba, mwanzoni

Nianze na funguo, kwa sababu watu wengi huku wanauziwa vitu visivyo.

Magari ya GM (General Motors, wenye Chevrolet) ya miaka ile yalikuja na funguo za namna mbili. Wenye kichwa cha pembe nane ni wa swichi na milango. Wenye kichwa cha mviringo ni wa buti na droo ya dashibodi. Ukimwachia gari kijana wa maegesho hotelini unampa ule wa pembe nane, wa mviringo unabaki nao mfukoni, na mzigo wako umelala salama. Gizani vidole vinautambua upi ni upi bila kuuliza macho. Ufunguo mbichi, yaani usiochongwa meno, fundi atauita B10 kwa pembe nane na B11 kwa mviringo. Namba hizo zinafaa magari ya GM kuanzia 1935 hadi 1966, kwa hiyo kupata ufunguo unaoingia si kazi. Kazi ni kupata uliotoka kwa aliyetengeneza vitasa vyenyewe.

Naye ni Briggs & Stratton, wa hapahapa Milwaukee. Nyumbani Tanga jina hilo nililiona kwenye mashine ya kukata majani ya shule, na sikuwahi kulihusisha na kufuli. Kampuni ilianzishwa 1908 na Stephen Briggs na Harold Stratton, na kuanzia 1935 ikaipa GM kitasa ambacho kiliwasumbua sana wezi wa wakati ule. Mwaka 1995 kazi ya vitasa ilitengwa ikawa kampuni yake yenyewe, Strattec, ambayo nayo ipo huku huku. Kwa hiyo gari langu na funguo zake ni wenyeji wa jimbo moja.

Ukishika ufunguo wa kiwandani utaona jina la Briggs & Stratton limechapwa kichwani, na utaona tundu la pili mbali na lile la kupitishia pete. Wengi wanadhani ni uharibifu. Pale palikuwa na kidonge cha chuma chenye namba nne, namba ya ufunguo. Muuzaji alipokukabidhi gari alikigonga kikatoka, wewe ukakiweka nyumbani, ili mtu aliyeuona ufunguo wako mezani asiweze kwenda kuchonga wake kwa kusoma namba. Kidonge hicho leo ni kama cheti cha kuzaliwa. Mtu anayekuuzia Impala akakutolea na kidonge chake, usibishane sana na bei.

Novemba, katikati

Nimeanza na mlango wa abiria. Hauna ufunguo hata mmoja, na kwa sababu hiyo hiyo ndio ninaouamini: kitasa ambacho hakikutumiwa sana hakikuwa na sababu ya kubadilishwa.

Mkono wa kioo na mkono wa mlango vimeshikwa na klipu zenye umbo la kiatu cha farasi, zimejificha nyuma ya mkono wenyewe. Kuna kifaa chake cha bei ndogo, kinunue. Bisibisi itachana ngozi ya mlango, na ngozi ya SS ya 1964 hutaipata kirahisi. Nikabandua paneli, nikaingiza mkono hadi kiwiko, nikapapasa hadi nikapata bati la U linaloshika silinda. Lilikuwa limeganda kwa grisi iliyogeuka kuwa kitu kama ulimbo. Mafuta ya kulainisha, chai, kisha plaizi ndefu. Likatoka.

Nikaisafisha silinda kwa mswaki na mafuta ya taa. Ubavuni, herufi zimelala kidogo kushoto kana kwamba aliyezigonga alikuwa na haraka, namba nne zikajitokeza. Sitaziandika hapa, mtanisamehe. Gari linalala nje wakati wa kiangazi. Inatosha kusema ziko kati ya 8000 na 9499, na huo ndio mfululizo uliokuwa ukitumiwa na GM. Piga hesabu mwenyewe: ni namba 1,500 tu, kwa kampuni iliyokuwa ikiuza mamilioni ya magari kila mwaka. Ndiyo maana wazee wa huku wana visa vya kufungua Chevrolet ya jirani sokoni na kukaa ndani wakishangaa viti vimebadilika rangi lini.

Desemba

Nimepata mzee fundi wa vitasa upande wa kusini wa mji. Duka lake ni dogo, ukuta mzima ni funguo zisizochongwa, nyingine bado ziko kwenye bahasha zake za karatasi ya kaki. Nilimpa namba, akavuta kitabu chenye jalada lililochakaa, akapitisha kidole, akaandika tarakimu sita kwenye kipande cha karatasi. Zote ni kati ya 1 na 4. Ufunguo wa GM wa miaka ile una mikato sita, na kila mkato una vina vinne tu vinavyowezekana.

Hakutumia mashine ya kunakili. Alichukua koleo la mkono lenye gurudumu la namba, akaubana ufunguo, akaweka tarakimu ya kwanza, akabana: ta! Chembe ya chuma ikaanguka. Akasogeza nafasi moja, tarakimu ya pili, ta! Kazi nzima haikumaliza hata kahawa yake.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaopeleka ufunguo mkuukuu dukani wakaomba unakiliwe. Mashine ya kunakili inafuata ulichoipa. Ukiipa meno yaliyolika kwa miaka 60, inakuchongea meno yaliyolika miaka 60, na juu yake inaongeza kosa lake. Ufunguo uliochongwa kwa namba ni ule ule uliochongwa kiwandani siku ya kwanza, kabla haujaingia kwenye mfuko wa mtu.

Ufunguo mbichi wenyewe aliutoa kwenye bahasha: pembe nane, Briggs & Stratton, haujawahi kuguswa. Nilimwomba na mwingine wa akiba, akaniangalia kama mtu aliyeombwa figo, kisha akatoa.

Nyumbani niliuingiza kwenye kitasa cha abiria kilichokuwa mezani. Ukazunguka. Kwenye mlango wa dereva pia ukazunguka, mzito kidogo, lakini bila kubembelezwa. Milango miwili ni ndugu wa kiwandani. Mgeni ni swichi.

Desemba, kabla ya sikukuu

Swichi imetoka. Kwa atakayekuja kufanya kazi hii kwenye GM za kabla ya 1969, zile ambazo swichi iko kwenye dashibodi, utaratibu ni huu. Chomoa waya wa betri kwanza. Weka ufunguo, zungusha kushoto hadi mwisho, pale pa redio. Usoni mwa silinda kuna kitundu kidogo. Ingiza waya wa klipu ya karatasi, sukuma, na ukiwa umeushikilia zungusha ufunguo kushoto zaidi. Silinda inakuja mkononi. Kama huna ufunguo unaozungusha, usilazimishe, ita fundi.

Mzee aliifungua mbele yangu. Ndani kuna vibati sita vya shaba, kila kimoja na springi yake nyembamba kama unywele, na kila kibati kina mkato mdogo ubavuni. Pembeni umelala ufito wa chuma. Ukiingiza ufunguo sahihi, vibati vinapanda na kushuka hadi mikato yote sita inajipanga mstari mmoja. Ufito unadumbukia humo, na silinda inapata uhuru wa kuzunguka. Kibati kimoja kikikosea kwa upana wa ukucha, ufito unabaki nje na hakuna kinachosogea. Mwizi mwenye waya hawezi kirahisi kuvisikia vibati vikikaa kimoja kimoja, kwa sababu ufito haubanwi na kibati kimoja. Huo ndio ufundi wa 1935.

Akavipanga upya kulingana na tarakimu zetu sita. Sasa ufunguo mmoja unafungua milango na kuwasha gari.

Droo ya dashibodi ndiyo iliyokuwa muhimu zaidi kuliko inavyoonekana. Kitasa cha buti kilishauawa na drili, kwa hiyo shahidi pekee wa ufunguo wa mviringo alikuwa huyo aliyebaki amefunga mdomo. Mzee alikuja gereji, akapiga magoti kwenye kiti cha abiria akalalamikia mgongo wake, akakifungua kwa waya mbili na subira. Watu wote waliosikia habari hii waliuliza kwanza kulikuwa na nini ndani. Fyuzi, kipima upepo cha tairi, na risiti ya mafuta isiyosomeka.

Akakitoa kitasa, akasoma vibati vyake, akachonga B11 halisi, na akanipangia silinda mpya ya buti ifuate meno hayo hayo. Swichi na buti vimepata vibati vipya, lakini mpangilio wa meno ni wa Janesville. Kwangu hilo linatosha kuita orijino. Wapo wasiokubali. Wao wanataka hata springi iwe ya Machi 1964, na nawatakia maisha marefu.

Januari

Baridi imekata kila kitu, mafuta yenyewe yanamiminika kwa kujivuta. Nimekaa ndani nikisoma kanuni za serikali kuu ya Marekani, kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini vitu viwili ninavyovihangaikia, ufunguo wa dashibodi na kifuniko chenye spina, vilitoweka karibu wakati mmoja.

Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari tarehe 9 Septemba 1966. Kutokana na sheria hiyo zikaja kanuni zenye namba. Namba 211 ilianza kazi tarehe 1 Januari 1968: vifuniko vya rimu na kokwa za magurudumu visiwe na mabawa yanayochomoza. Hofu ilikuwa kwa mpita njia na mwendesha baiskeli. Spina zikakoma siku hiyo kwa magari mapya. Kanuni yenyewe ilikuja kufutwa 1996, wakati ambapo hakuna kiwanda kilichokuwa na hamu nazo tena.

Namba 114 inahusu wizi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1970 ilitakiwa kwamba ukichomoa ufunguo, gari lisiweze kuwashwa, na pia usukani au mwendo ujifunge. GM walitangulia: kwenye modeli za 1969 swichi ilihama kutoka dashibodi ikaenda kwenye shina la usukani, na kufuli la usukani likaja nayo. Kabla ya hapo, 1967, walikuwa wameshaanza kubadili umbo la njia ya ufunguo mwaka hadi mwaka na kuongeza kina cha tano kwenye meno. B10 na B11, zilizotawala tangu 1935, zikastaafu.

Na kusema kweli kanuni ile ya wizi ilikuwa na sababu. Kwenye Impala yangu kuna nafasi ya kufunga na nafasi ya kuzima, na si kitu kimoja. Ukizima bila kurudisha hadi kwenye kufunga, unaweza kuchomoa ufunguo ukaenda zako, na mtu yeyote akija akashika masikio ya swichi akayazungusha, gari linawaka. Iliundwa hivyo makusudi, kwa ajili ya raha ya mwenye gari. Kaka yangu aliposikia akanipigia kutoka Tanga kuniuliza kama Wamarekani wa zamani walikuwa hawana majirani.

Aprili, gulio la Jefferson

Kila majira ya kuchipua kuna gulio la spea na magari ya zamani kwenye viwanja vya maonyesho vya Jefferson, katikati ya Milwaukee na Madison. Meza kwa mamia, tope kiasi chake, soseji za kuchoma. Nilikwenda na kifuniko kimoja cha SS kwenye mkoba ili nilinganishe, kwa kuwa kumbukumbu ya macho ni muongo.

Kifuniko ninachokitafuta ni cha inchi 14, sahani ya chuma kisichoshika kutu iliyokunjwa kwa shinikizo, na katikati spina yenye mabawa. Kopi ziko nyingi na zinang'aa kuliko mama yao. Ninavyozitenganisha:

Wengi hutembea na sumaku wakiamini chuma kisichoshika kutu hakivutwi. Hilo ni kweli kwa masufuria fulani, lakini mapambo mengi ya magari hutengenezwa kwa aina iitwayo 430, na hiyo inavutwa vizuri tu. Bati la kawaida lililopakwa kromu nalo linavutwa. Kwa hiyo kwenye sahani sumaku haikuambii lolote. Ipeleke kwenye spina: ya kiwandani ni zinki ya kumiminwa, na bawa lake halivutwi. Kisha tumia macho. Kromu ina ubuluu kwa mbali. Chuma kisichopakwa kitu kina weupe wenye joto kidogo. Mwisho geuza mgongo. Kifuniko kilichokimbia barabarani kina vumbi la breki lililochomwa ndani ya mikunjo, na meno ya pete yake yana mikwaruzo pale yalipoing'ata rimu. Mgongo msafi kama sahani ya harusi unataka maelezo.

Meza ya jirani kulikuwa na seti ya vifuniko vya Oldsmobile Fiesta, vile vya mabawa matatu makubwa. Gari hilo lilitengenezwa 1953 tu, magari 458 basi, lakini vijana wote waliotaka kupamba magari yao miaka ile walivitamani, vikaibwa na kunakiliwa hadi leo vifuniko ni vingi kuliko magari kwa mbali sana. Bei aliyotaja yule bwana niliicheka kwa adabu.

Changu nilikipata mwisho wa siku chini ya rundo la taa za Buick. Sahani yake imebonyea ukingoni vibaya, lakini spina ni nzima, ina vipele vichache vya zinki na basi. Mimi nilichonacho nyumbani ni kinyume: mojawapo ya vile vitatu ina sahani safi na spina iliyovunjika bawa. Na kwenye boksi la bwana huyo huyo kulikuwa na spina nyingine nzima isiyo na sahani. Nikachukua vyote viwili. Kwa hesabu hiyo nafikisha vinne.

Mei

Kazi ya bati nimemwachia rafiki yangu, fundi kutoka Uvira, tunayesali naye kanisa moja. Kule alikuwa akinyoosha mabati ya malori, huku ananyoosha ya watu walioteleza kwenye barafu. Nilipoanza kugonga mimi alinitazama kidogo akanipokonya nyundo. “Kaka, hii haiko sufuria,” akasema. “Ukipiga sana, inakuwa ngumu, haitarudi tena.”

Ana haki. Chuma hiki kadiri unavyokigonga ndivyo kinavyokakamaa, na kikishakakamaa kinapasuka badala ya kunyooka. Alikilaza kifuniko kifudifudi juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, akachukua nyundo ya mti yenye kichwa cha mviringo, akaanza kwenye ukingo wa bonyeo akizunguka kuelekea katikati, mapigo mepesi ya karibu karibu. Kila baada ya muda alikigeuza, akapitisha kiganja juu yake akiwa amefumba macho. Kiganja kinaona kinundu ambacho jicho linakikosa. Kilipokaribia usawa akaacha nyundo, akachukua tupa laini sana, akaipitisha mara moja tu: palipong'aa ni juu, palipobaki na giza ni chini. Akarudi kwenye mapigo.

Baada ya hapo ni msasa wa maji, 320, 600, 1000, 1500, kila mmoja ukivuka alama za uliotangulia, halafu gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia. Hapo kwenye gurudumu kuwa makini: gusa kwa sehemu iliyo chini ya katikati, na usielekeze ukingo dhidi ya mzunguko. Likinasa, kifuniko kinaruka kama panga.

Spina hatukuzigusa zaidi ya sabuni na mswaki laini. Vipele vya zinki having'arishiki, kwani kutu inatoka ndani ikisukuma kromu nje. Ukitaka viishe ni kuvua kromu yote, kujaza kwa shaba na kupaka upya, na bei yake inazidi kifuniko. Na mimi vipele sivichukii. Kopi haina vipele.

Juni

Rimu za waya zimeuzwa kwa kijana wa Chicago aliyezifuata kwa furaha. Impala imerudi kwenye rimu zake za bati za inchi 14.

Kufunga kifuniko: kwanza tundu la valvu, halafu sukuma upande huo ukae, ndipo upige kuzunguka kwa nyundo ya mpira, upande huu na upande wa pili yake, ukingoni tu. Usipige spina.

Barabarani, gurudumu la mbele kulia likaanza kulia ki-ki-ki kwenye kona. Nilipaka mstari wa chaki kuanzia kifunikoni hadi kwenye tairi, nikazunguka mtaa, nikarudi kutazama: mstari umeachana kwa upana wa kidole. Kifuniko kinatembea. Si kelele tu, kwa sababu kikitembea kinalalia valvu, na ukingo wa tundu unaikata taratibu hadi upepo unatoka ukiwa kwenye barabara kuu. Nimekitoa, nikayakunjua meno ya pete kwa plaizi, moja baada ya jingine, kwa kiasi kidogo kuelekea nje. Sasa chaki haisogei.

Mama watoto alipita kati ya gari na ukuta, dera lake likanasa kwenye bawa la spina. Akajinasua, akalitazama bawa, akanitazama mimi, akasema waliopiga marufuku walikuwa na akili zao. Nimeanza kuliegesha mbali zaidi na ukuta.

Julai

Hali ya sasa. Funguo mbili zilizochongwa kwa namba, B10 na B11 za Briggs & Stratton, zimewekwa ndani ya nyumba pamoja na karatasi yenye tarakimu za mzee. Kwenye pete ninatembea na nakala za kawaida za siku hizi, zilizochongwa kwa namba zile zile. Zikidondoka kwenye mtaro silii. Milango, swichi, droo na buti vyote vinaitika.

Vifuniko vinne vimekaa. Cha nyuma kushoto kina spina ya Jefferson kwenye sahani ya boksi la ndizi, na ukikisogelea sana utaona rangi ndani ya mikunjo yake imefifia kuliko ya wenzake. Nimeiacha. Cha Impala ya kawaida kimebaki bila kazi: mwenye shida nacho tuwasiliane, nakitoa kwa nauli ya posta.

Kinachofuata ni mpira wa kuzunguka mfuniko wa buti. Sasa buti linafungwa kwa ufunguo wake, lakini mvua bado inaingia bila kubisha hodi.